Naomba ushauri: uzamili wa mawasiliano ya kimataifa na uhusiano wa kimataifa kwa pamoja

Wakuu, habari za jioni. Niko Nyegezi, Mwanza. Nina shahada ya mawasiliano ya umma, natangaza redio hapa mjini. Nataka uzamili unaochanganya mawasiliano ya kimataifa na uhusiano wa kimataifa.

Kilichonivuta ni ziwa. Ukiripoti sangara, au wavuvi waliokamatwa ng'ambo ya mpaka, unajikuta kwenye diplomasia utake usitake. Ziwa ni la nchi tatu, Kamisheni ya Bonde la Ziwa Victoria iko Kisumu, Shirika la Uvuvi la Ziwa Victoria liko Jinja. Lugha ya taarifa zao sasa! Mvuvi wa mwaloni Kirumba haambulii kitu. Hapo katikati ndipo nataka kufanya kazi.

Uingereza kozi za mseto kama hizo zipo, nyingi za mwaka mmoja, ila ada bila ufadhili siiwezi. Chevening (ufadhili wa serikali ya Uingereza) wanataka uzoefu wa kazi wa saa 2,800 (ninazo) na ukimaliza urudi kwenu angalau miaka miwili. Sawa tu. Mbadala ni Chuo cha Diplomasia, Kurasini, nichukue diplomasia peke yake kwa kuwa mawasiliano nishasoma. Mjomba anasisitiza uzamili wa biashara. Ana maduka, simlaumu.

Mliosoma kozi ya mseto: waajiri wanaielewa, au unaonekana huna fani? Na kwa nafasi za Jumuiya ya Afrika Mashariki kule Arusha, Kifaransa kina uzito kiasi gani?