Michango ya harusi inajaa, ya matibabu inadoda. Tatizo ni nini, na tufanyeje?

Mdau wa Kitaa:
Wakuu, habari za jioni. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp, harusi ikitangazwa ahadi zinamiminika: laki hapa, laki mbili pale. Wiki hiyohiyo mtu akiomba msaada wa kumlipia mama yake upasuaji, anapata "pole sana" nyingi na pesa kidogo. Wote tunasema uhai ni mbele ya sherehe, ila mifuko inasema vingine. Je, ni unafiki, au utaratibu ndio mbovu? Na wazoefu wa vikundi, mfuko wa ugonjwa unaendeshwaje usife?

Katibu Kamati:
Mkuu, mimi naona ni utaratibu. Harusi ina tarehe, mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Orodha ya ahadi inasomwa kikaoni na asiyemalizia anapigiwa simu. Mchangiaji anapata kadi, singo (ya mtu mmoja) au dabo (ya wawili) kulingana na alichotoa, na anajua siku akimwozesha mwanawe atarudishiwa. Ugonjwa unakuja na ujumbe mmoja usiku, hauna kiasi wala mfuatiliaji.

Tukumbuke pia kwamba gharama hizi hazidaiwi na sheria. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 inataka notisi ya siku 21 na mashahidi wasiopungua wawili, na mahari isipolipwa ndoa haibatiliki. Ukumbi, mpambaji, MC na sare ni matakwa yetu wenyewe.

Bi Hesabu:
Katibu umesema kweli, ila umeacha suala la imani. Watu wameshachangia wagonjwa na hawakujua pesa iliishia wapi. Kwa hiyo anayeomba aandike hivi: jumla ya makadirio ya hospitali, bima imebeba kiasi gani, familia imepata kiasi gani, kilichobaki, na mwisho lini. Pesa zipokelewe na mtu wa pili, si mgonjwa wala mwanawe. Alipe hospitali moja kwa moja, kisha aweke picha ya risiti siku hiyohiyo. Faili la mgonjwa lisirushwe kwenye grupu. Ugonjwa ni siri yake.

Mzee wa Sanduku:
Nijibu la mfuko. Chukua kikundi cha watu 25, kila mmoja 2,000 kwa wiki: ni 50,000 kwa wiki, 2,600,000 kwa mwaka. Weka ukomo, tuseme 300,000 kwa tukio. Majina ya wanaohusika (mwenza, watoto, wazazi) yaandikwe siku mwanachama anapojiunga, maana ugomvi mkubwa huanzia hapo: "shangazi ndiye aliyenilea". Mna haki ya kumwingiza shangazi, ila mwingizeni akiwa bado mzima.

Mfuko unakufa kwa njia zinazojulikana. Pesa ya jamii, yaani ya kusaidiana, inachanganywa na ile wanachama wanayokopeshana. Mgonjwa anapatikana, sanduku halina kitu, pesa iko kwa wakopaji. Tenganisheni mifuko, na sanduku liwe na kufuli tatu, funguo kwa watu watatu tofauti. Au mwisho wa mzunguko wa kuweka akiba watu wanagawana mpaka senti ya mwisho, Januari mtu analazwa na kikundi kinaanza sifuri. Bakizeni akiba. Kikundi pia kisajiliwe halmashauri, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 inataka hivyo.

Mgonjwa wa kusafisha figo mara mbili au tatu kwa wiki atamaliza mfuko wowote wa mtaa. Huyo anahitaji bima inayogharamia huduma hiyo. Kwa matibabu ya kawaida, CHF iliyoboreshwa (Mfuko wa Afya ya Jamii) ilikuwa 30,000 kwa mwaka kwa kaya ya watu sita, mikoa mingi. Mchango mmoja wa harusi wa laki ulitosha kaya tatu, na elfu kumi ikabaki. Hapo ndipo roho inaniuma.

Mdau wa Kitaa:
Asanteni sana. Je, kamati ya harusi inaweza kukata asilimia 5 ikaenda kwenye mfuko wa ugonjwa?

Katibu Kamati:
Inaweza, mradi itangazwe kikao cha kwanza kabla ya ahadi. Ukikata katikati umetumia pesa ya watu kwa jambo wasilolitolea. Na ikatwe kwenye fedha iliyoingia, si kwenye ahadi. Bajeti nzima iende hivyohivyo: kamati ikilipia ukumbi kwa kutegemea ahadi, deni linabaki kwa maharusi.