Elite Dangerous: Asp Explorer inakauka mafuta baada ya miruko sita, na ikichota inaungua

rubani_mgeni
Wakuu, naomba msaada. Nacheza Elite Dangerous, mchezo wa kompyuta wa meli za anga. Meli yangu ni Asp Explorer, tangi la tani 32, injini ya kuruka kutoka nyota hadi nyota 5A, skupu ya mafuta (kifaa cha kuchota mafuta kwenye nyota) 3E kwenye nafasi ya daraja la 5. Namba ni ukubwa wa kifaa, herufi ni ubora: A ya juu, E ya chini. Miruko sita tu tangi tupu, na mara nyingine njia inanipeleka kwenye nyota ambayo skupu hainywi kabisa. Halafu nikichota, joto linapita 100% na moduli zinaanza kuharibika. Nakosea wapi?

kamba_ya_nanga
Miruko sita ni sahihi. 5A hula hadi tani 5 kwa mruko wa masafa kamili, gawa mwenyewe. Ila ulaji haupungui sawa na umbali: ukiruka nusu ya masafa inakula chini ya tani moja, si mbili na nusu. Kwa hiyo ukibakiwa na tani chache, hamia njia ya kubana mafuta kwenye ramani ya galaksi. Miruko itakuwa mingi, lakini utafika.

Nyota zinazochoteka ni K, G, B, F, O, A na M basi. Wachezaji hukariri KGBFOAM. Aina za L, T na Y, T Tauri, vibete vyeupe na nyota za nutroni, hupati hata tone. Kwenye ramani chuja kwa aina ya nyota, bakiza herufi hizo saba, kisha WASHA sehemu ya kutumia kichujio kwenye njia. Wengi huiruka hiyo: ramani inachujika, njia inabaki ileile.

moto_wa_pembeni
Ugonjwa ni hiyo 3E. Inavuta kilo 75 kwa sekunde, kwa hiyo tani 5 ni zaidi ya dakika nzima ubavuni mwa tanuri. 5A inavuta kilo 577: sekunde tisa umeondoka. Na skupu haina uzito wowote kwenye mchezo huu, masafa hayapungui. Bei ndiyo inauma, inazidi krediti milioni 9. Mfuko ukigoma weka hata 5E, kilo 247.

Kuchota: shusha kasi hadi sifuri kabla hujatokea upande wa pili wa mruko. Weka nyota ubavuni, usiielekezee pua, sogea taratibu hadi mstari wa skupu kwenye skrini uanze kupanda. Joto likifika kama 70%, geuza pua nje kidogo. Ukigusa mpaka wa nyota unatupwa nje ya supakruzi (mwendo wa kasi kubwa ndani ya mfumo wa nyota) na bodi inaumia.

rubani_mgeni
Nashukuru mkuu. Huwa nachaji mruko unaofuata huku bado nachota, ili kuokoa muda.

moto_wa_pembeni
Basi hapo hapo. Kuchaji nako kunaongeza joto, unajumlisha mawili. Tangi likijaa jitenge, ngoja joto lianze kushuka, ndipo uchaji.

kamba_ya_nanga
Na ukikwama, usisubiri injini zizime. Simamisha meli, zima moduli zote isipokuwa ya hewa, kisha waite Fuel Rats, wachezaji wa kujitolea wanaoleta mafuta. Saa ya oksijeni ikianza kuhesabu, toka hadi menyu kuu KWANZA, ndipo uwaandikie. Moduli ya hewa ya E inakupa dakika 5 tu, ya A dakika 25.