Tupeane uzoefu: tawi la askari wastaafu lilifanya nini mtaani kwenu?

Mjukuu wa Bombo: Ndugu zangu, nimewaona wanajeshi wakizibua mitaro na kuwapima watu malaria katika wiki ya Tarehe Sita, yaani sikukuu ya jeshi la Uganda, nikakumbuka kwamba hapa Bombo kazi za aina hiyo zilifanywa zamani na wazee wastaafu, bila gwaride wala kamera. Babu yangu alikuwa katika kikosi cha 4 cha King's African Rifles, jeshi la wakoloni Waingereza, kile cha Uganda, kilichopita bonde la Kabaw huko Burma mwaka 1944 katika mvua na matope. Waliporudi, jambo la kwanza lililowakutanisha lilikuwa kuzikana. Kila mwanachama alitoa mchango mdogo, katibu akauandika kwa penseli katika daftari lenye jalada la kitambaa, na mwenzao alipofariki fedha hizo zilinunua sanda na mbao, kisha zikalipia gari la kuwaleta ndugu kutoka Arua. Baadaye wakaanza kuwazika hata wapita njia wasio na jamaa. Naomba kila mmoja aeleze ya kwao, kwa kuwa wanaoyajua wanazidi kupungua.

Binti wa Walukuba: Hapa kwetu Walukuba, Jinja, ilikuwa hivyo hivyo. Turubai na viti vya matanga vilitunzwa na wastaafu, na mfiwa hakutozwa hata senti.

Mstaafu wa 1994: Mimi ni miongoni mwa askari zaidi ya 36,000 waliopunguzwa jeshini kati ya 1992 na 1995. Tulipewa mabati, mbegu na fedha za kuanzia maisha, lakini tulipofika vijijini majirani walituogopa, na kila kuku aliyeibwa tulihojiwa sisi kwanza. Tulipounda kikundi, tuliamua kuanza na chemchemi ya kijiji, ambayo ng'ombe na watoto walikuwa wakiitumia pamoja. Tuliijengea ukuta wa mawe na kuiwekea bomba siku ya bulungi bwansi, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, kisha tukalinda soko usiku kwa zamu. Mwaka uliofuata mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, alianza kutuita katika kesi za mipaka ya mashamba, kwa sababu pande zote mbili zilikubali kutusikiliza.

Mama wa Luweero: Nawasikia, lakini mbona mnawataja wenye namba za jeshi peke yao? Tangu 1981, katika vita vya msituni vya waasi wa NRA, kuna raia waliowabebea wapiganaji chakula, dawa na risasi, na tawi la kwetu liliwakatalia uanachama.

Mstaafu wa 1994: Mama, bila namba ya jeshi kila mtu angejiita mstaafu, hasa tangu Emyooga, mpango wa serikali wa mitaji kwa vikundi, ilipoanza mwaka 2019 na wastaafu wakawa kundi mojawapo la kupewa mtaji.

Mama wa Luweero: Marehemu mume wangu hakuwahi kuomba mtaji. Aliomba jina lake liandikwe.

Mwana wa Gulu: Mabishano haya yamenirudisha mwaka 2003. Kila jioni sisi watoto tulitembea kutoka vijijini hadi mjini tukiwa na mikeka vichwani, kwa kuwaogopa waasi wa LRA waliokuwa wakiteka watoto usiku. Maelfu walilala katika uwanja wa hospitali ya Lacor, na sisi tulilala katika ua nyuma ya maduka. Wazee kadhaa waliokuwa askari kabla ya 1979, Idi Amin alipoangushwa, walijipangia zamu ya kutulinda, na mkubwa wao alichechemea, goti lake likiwa limefungwa kwa mpira wa baiskeli. Usiku mmoja risasi zililia karibu sana. Tuliinuka wote kwa pamoja, tukaukimbilia mlango mmoja mwembamba. Nilianguka, nikakanyagwa mgongoni. Nilikuwa nimemshika mdogo wangu kwa gauni, gauni likachanika, akapotelea chini ya miguu ya watu. Ndipo mzee yule aliposimama katikati ya mlango, akauziba kwa mwili wake na kupaza sauti kwa Kiswahili cha jeshi: “Lala chini! Wote, lala!” Wengi wetu hatukukijua Kiswahili, lakini wakubwa walilala, nasi tukalala. Mdogo wangu alipatikana amevunjika mkono, yu hai. Mzee alivunjika mbavu kwa kusukumwa na watoto aliowazuia wasitoke kwenda kwenye risasi. Hakulipwa na mtu yeyote, na sijui kama tawi lake liliwahi kuwa na cheti.

Binti wa Walukuba: Nimesoma huku nikilia. Mdogo wako yuko wapi sasa?

Mwana wa Gulu: Ni muuguzi, na ana watoto wawili.

Afande wa Arua: Poleni sana. Ushauri wangu ni kwamba kila tawi lisajiliwe wilayani na liwe na akaunti ya benki.

Mjukuu wa Bombo: Sikubaliani nawe, afande. Tawi moja ninalolifahamu lilivunjika muda mfupi baada ya kusajiliwa, kwa sababu ya ugomvi wa nani atie sahihi. Kwanza wazee warekodiwe sauti kwa simu, wakiwa bado na kumbukumbu.

Afande wa Arua: Sauti bila orodha itapotea pamoja na simu.

Mstaafu wa 1994: Mama wa Luweero, kikundi chetu kitakutana kabla ya Siku ya Mashujaa, tarehe 9 Juni. Njoo useme mbele ya wote, nami nitakuunga mkono.

Mama wa Luweero: Nitakuja, na nitawaleta akina mama wenzangu waliobeba hizo risasi. Wekeni tayari karatasi, muandike majina yao pale pale.