Naomba ushauri: darubini inatetemeka na mota inarukaruka

Habari zenu wakuu. Naombeni msaada kwa wenye uzoefu wa darubini au mota.

Tuko Ihumwa, Dodoma, na darubini ya kioo cha inchi 12 ya kuwaonyesha wanafunzi anga. Imefungwa juu ya nguzo ya chuma iliyosimikwa kwenye zege la sakafu. Kiangazi hiki anga ni safi mno, ila upepo wa huku mnaujua. Tukikuza mara 200, sayari ya Zohali inacheza hadi pete zake hazionekani vizuri, na wanafunzi wanaotembea karibu wanaongeza mtetemo. Halafu nyota zinahama nyuzi 15 kwa saa, na mota inayozungusha darubini inazifuata kwa kukwama kidogo kisha kuruka.

Tumejaza nguzo mchanga, tumeweka turubai upande wa upepo, tumekaza nati, tumesawazisha uzito. Mtetemo umepungua, kuruka kuko palepale. Nikiongeza nguvu ya kusahihisha kwenye programu inayoongoza mota, bomba zima la darubini linaanza kuyumba huku na huku, na hapo ndipo nimekwama kabisa.

Je, nikate zege kuizunguka nguzo ili itengane na sakafu? Na nitajuaje kama kuruka kunatoka kwenye uwazi wa meno ya giya au kwenye msuguano wa beringi?