Tunahamia Nizwa, Oman, na watoto watatu: joto la huko mnaliwezaje?

MamaKulwa_Isevya

Habari zenu wote humu. Niko Tabora, Isevya. Baba Kulwa yuko Oman, anafanya kazi kwenye kampuni ya kuchimba visima, mji unaitwa Nizwa. Sasa mwajiri amekubali familia imfuate. Nina mapacha wa darasa la tatu na kichanga wa miezi miwili. Safari imepangwa mwezi wa sita.

Kinachoninyima usingizi ni joto. Baba Kulwa akipiga simu mchana ananiambia nje ni nyuzi 46, halafu anacheka. Mimi hapa kila Oktoba, kabla mvua hazijaanza, nyuzi 33 tu, nashinda na kitambaa cha kufutia jasho begani. Hawa Kulwa na Doto wamezoea kushinda chini ya mwembe kutwa nzima, kuwaingiza ndani mpaka fimbo. Huko watacheza wapi? Mtoto mdogo nimpe maji? Nibebe nini, niache nini? Na mimi nisiyejua Kiarabu zaidi ya salamu nitaongea na nani? Waliowahi kuishi huko nielezeni ukweli, msinipambie.

Dogo_Kanyenye

Nyuzi 46! Mama Kulwa beba unga tu, uji utajichemkia.

BintiUjiji

Dogo tupishe, watu wazima tunaongea.

Mama Kulwa, shikamoo kama umenizidi, marahaba kama nimekuzidi. Mimi wa Ujiji, sasa nimerudi nyumbani, ila wanangu wawili wamekulia hapo hapo Nizwa, baba yao alikuwa mwalimu. Nitakwambia ambacho baba Kulwa hawezi kukwambia, kwa sababu yeye hashindi nyumbani. Joto utalizoea. Kitakachokutesa ni ukuta.

Nyumba za kule zimezungushiwa ukuta mrefu, geti la chuma, madirisha madogo, pazia nzito, na kiyoyozi kinanguruma usiku na mchana. Mume anaondoka alfajiri na gari. Wewe Isevya ukifungua mlango tu unamkuta mama wa vitumbua, jirani kaanika mpunga, bajaji inakupigia honi. Kule fungua geti saa tano asubuhi mwezi wa saba: magari yameegeshwa, paka kalala chini ya gari, basi. Hakuna binadamu. Unaweza kudhani mji umehamwa. Kumbe watu wamo ndani, wanasubiri jua liondoke.

Kwa hiyo geuza siku yako mapema. Shughuli za nje zimalize kabla ya saa mbili asubuhi. Adhuhuri maduka mengi yanafungwa, yanafunguliwa tena saa kumi hivi. Mji unaamka baada ya magharibi. Saa nne usiku utakuta familia nzima bustanini, mkeka umetandikwa, chupa ya kahawa na tende katikati, watoto wanapanda bembea. Hao mapacha usiwalazimishe kulala saa mbili usiku eti ndivyo mlivyozoea Tabora. Walaze mchana, usiku watoke. Na bembea za chuma wasiziguse kabla jua halijazama, na ndala zisitoke miguuni hata uani.

Ndiyo maana nasema, kama kuna jambo moja la kumsumbua mumeo kabla hujapanda ndege, ni mahali nyumba ilipo. Wanaume wakiwa peke yao wanapenda nyumba kubwa nje ya mji kwa kuwa kodi ni nafuu. Akatae. Atafute ndogo, lakini unaweza kutembea kwa miguu baada ya magharibi ukafika dukani, na una majirani wenye watoto. Daladala za kupita mtaani kama zetu hakuna, ni teksi au gari lako. Wanawake wanaendesha kama kawaida, kwa hiyo anza kufikiria leseni. Wanaendesha upande wa kulia, utashika usukani kushoto, siku za mwanzo utafungua mlango usio wako kila mara.

Sasa maji, hili sikilize vizuri. Tangi liko juu ya paa, linachomwa na jua kutwa. Kiangazi bomba la maji baridi linatoa maji ya kuunguza kabisa, na mtoto mdogo anaweza kuungua. Wenyeji wanafanya hivi: joto likianza wanazima hita ya bafuni, swichi chini. Hita iko ndani ya nyumba, kwenye kivuli cha kiyoyozi, kwa hiyo maji yaliyomo tumboni mwake yanapoa. Ukitaka kuoga unafungua bomba lenye alama nyekundu, unapata maji ya uvuguvugu mazuri. Ila ni kiasi cha hita tu, yakiisha yanafuata yale ya paani. Mimi ya kumwogeshea mtoto nilikuwa nakinga usiku wa manane kwenye ndoo yenye mfuniko, naiweka chumbani. Na kila mara weka kiwiko chako kwanza kabla hujamtia mtoto.

Kwenye gari ni ile buckle ya mkanda. Chuma kile kikikaa juani kinaacha alama kwenye paja la mtoto. Weka kitambaa kilicholowa ndani ya gari, pitisha kwanza. Kiberiti cha gesi, pafyumu ya kupuliza, betri ya kuchajia simu, visibaki humo. Na mtoto habaki ndani ya gari, hata kama unaingia dukani kuchukua mkate tu. Hilo halina mjadala.

Mavazi: kanga na madera usiache, pamba ndiyo nguo ya kule. Siyo lazima uvae baibui, funika mabega na magoti uko sawa. Sweta za watoto beba! Watu hucheka nikisema hivi. Desemba na Januari usiku unashuka mpaka nyuzi 12 hivi, na nyumba zimejengwa kupambana na joto, sakafu ya vigae inakuwa barafu.

Chakula. Mchele, kuku, mbuzi, samaki vipo. Mihogo na ndizi za kupika utazipata supamaketi kubwa. Wewe Mnyamwezi najua utaulizia mlenda: nenda kwenye friji za mboga zilizogandishwa, chukua pakiti ya molokhia wanayokula Wamisri. Ni mlenda huo huo, wamekatakata tu. Matobolwa, vile viazi vikavu, na nsansa, zile mboga kavu, beba kutoka nyumbani, hutaviona. Asali ya Tabora ifunge vizuri iwekwe kwenye mzigo mkubwa. Waomani wanajua asali, ya kwao ya mkunazi inauzwa bei ya kutisha. Ukimpelekea jirani chupa ya asali ya miombo siku ya kwanza, umeshapata rafiki. Lakini kifurushi cha mtu usichojua kilichomo, usibebe. Na dawa zako beba na cheti cha daktari, hasa za maumivu makali, kuna zilizo halali hapa na kule ni kesi.

Lugha isikutishe. Siku moja nilikuwa kliniki namfokea mwanangu kwa Kiswahili, bibi mmoja mbele yangu kwenye foleni, kajifunika kila kitu, akageuka: "Mtoto wa watu kafanya nini?" Kiswahili safi. Kazaliwa Tabora, baba yake alikuwa na duka, waliondoka miaka ya sabini. Akaniuliza maembe ya Tabora bado yanaanguka mpaka watu wanayakanyaga barabarani? Tangu siku hiyo Eid zetu zote tulikula shuwa kwake, ile nyama wanayoifukia shimoni mpaka kesho yake.

Mwisho niseme la safari. Mwezi wa sita ni kipindi kibaya kuliko vyote vya kuanzia. Ukiweza sogeza mpaka Oktoba mwishoni. Kuanzia hapo mpaka Machi hali ya hewa ni raha, watoto wanacheza nje, unajuana na watu. Kiangazi kikija kinakukuta una wenzio.

Kiloleni_Muscat

Dada BintiUjiji umesema vizuri sana, lakini hapo kwenye Oktoba tutofautiane. Viza ya familia siyo kitu cha kuchezea. Mwajiri akisema ndiyo, unakwenda na ndiyo yake ikiwa bado ya moto, kazi za visima na miradi zinabadilika. Shemeji, anza na makaratasi leo: cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, vya RITA, vipitishwe Wizara ya Mambo ya Nje kisha ubalozi wa Oman Dar. Bila mihuri hiyo havikusaidii. Angalia herufi za majina zifanane na za pasipoti. Kwa kichanga watu wengi hukwama hapo.

Shule: wageni wengi wa Nizwa wanapeleka watoto shule ya Kihindi, inafundisha kwa Kiingereza. Mwaka wao wa masomo unaanza Aprili, siyo Januari. Ukifika Juni unakuta karibu wanafunga kwa kiangazi, kwa hiyo baba Kulwa aulize nafasi sasa hivi.

Kuhusu mume wako mwenyewe usiogope sana. Juni, Julai na Agosti sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu mchana hadi saa tisa na nusu.

Waswahili wa Kiomani ni wengi zaidi huku Muscat na upande wa Sharqiya, Ibra na vijiji vyake, ndiko koo nyingi za Waarabu wa Tabora zilikotoka. Nizwa wapo, ila uwatafute. Kama ni Wakristo, makanisa yako Muscat, Ruwi na Ghala, na ibada kubwa ni Ijumaa kwa sababu mapumziko ya wiki ni Ijumaa na Jumamosi. Ni mwendo wa saa moja na nusu mpaka mbili kwa gari.

BintiUjiji

Kiloleni, viza sawa nimekuelewa. Lakini wewe unaishi Muscat una bahari! Mama wa kichanga Nizwa mwezi wa saba ni habari nyingine. Basi akienda Juni, wawe na mahali pa kukimbilia: mlima wa Jebel Akhdar. Uwanda wa Saiq uko kama mita 2,000 juu, ukifika unafungua vioo vya gari. Mashamba ya komamanga na mawaridi, upepo. Gari liwe la kuvuta magurudumu yote manne, polisi wanakagua pale chini Birkat al Mouz, gari dogo wanakurudisha.

Na Ijumaa asubuhi wapeleke mapacha soko la mbuzi pale chini ya ngome. Wauzaji wanazungusha mbuzi kwenye duara huku wanataja bei kwa sauti, wanunuzi wamekaa pande zote. Anayetaka anamdaka mbuzi anapopita, anamfunua meno, anambonyeza mgongo, anamwachia aendelee. Linaanza mapema na kabla ya sala ya Ijumaa limeshakwisha. Wanangu walikuwa wanaamka wenyewe siku hiyo. Ukitoka hapo nenda Falaj Daris, mfereji wa maji wa zamani, UNESCO waliuingiza kwenye orodha yao mwaka 2006 pamoja na mingine minne. Unakaa chini ya mitende, watoto miguu majini. Huo ndio mwembe wao wa kule.

Nesi_Cheyo

Nimesubiri mtu ajibu la maji ya mtoto, naona mmelipita. Mama Kulwa, akifika huko atakuwa na miezi minne. Mtoto chini ya miezi sita anayenyonya hahitaji maji hata kwenye joto hilo. Mnyonyeshe mara nyingi zaidi, usiku na mchana, na anayetakiwa kunywa maji sana ni wewe. Angalia nepi: mkojo ukipungua au ukiwa wa njano iliyokolea, mpeleke hospitali, usingoje kesho.

Wewe na mapacha: hewa ya jangwani ni kavu, jasho linakauka kabla hujaliona. Hapa mtu akilowa shati anajua amechoka na jua, huko ngozi inabaki kavu na maji yanakwisha mwilini. Wanywe kabla ya kiu. Mafuta ya kujipaka beba ya kutosha. Puani wakitoka damu siku za mwanzo usitaharuki, mwinamishe kichwa mbele, mbane pua. Usimlaze chali.

Mawili ambayo watu hawayategemei. Kwanza, pamoja na jua lote hilo, wengi wanapungukiwa vitamini D kwa sababu wanashinda ndani na wamejifunika, na ngozi zetu nyeusi zinahitaji jua zaidi. Pili ni malaria. Mkikaa huko mwaka au miaka miwili bila kuumwa na mbu wenye malaria, watoto wanapoteza kinga waliyokuwa nayo hapa. Mkija likizo Tabora wao ni wageni kabisa, walale kwenye chandarua, na muulize daktari kuhusu dawa ya kinga kabla ya kuja. Nimeshapokea watoto wa aina hii wodini, wanazidiwa haraka.

MamaKulwa_Isevya

Jamani asanteni. Nimempigia baba Kulwa usiku huu. Kumbe nyumba aliyoiona ni ile ile ya nje ya mji, vyumba vinne, alikuwa anajisifu. Nimemwambia aachane nayo, ameguna, lakini ameshaanza kuulizia karibu na soko. Vyeti vya RITA vya mapacha ninavyo, cha mdogo naenda Jumatatu. Tarehe bado tunavutana, mwajiri anasema tiketi ni mwezi wa sita au mpaka mwakani.

La mwisho BintiUjiji: kinu na mbuzi ya kukunia nazi nibebe?

BintiUjiji

Tiketi ikiwa ni hiyo basi nenda, usisubiri mwakani. Mbuzi beba, nazi za Kihindi ziko kila duka. Kinu acha, karanga utasaga kwa blenda. Kitakula kilo zako zote za mzigo na hiyo asali utaiacha uwanja wa ndege.