Majaji wa kuteleza barafuni, kama sanaa hamuihukumu basi ifuteni kwenye kanuni!

Wadau, nimechoka. Kila msimu ni yale yale. Mtu anaruka miruko minne ya mizunguko minne, na kati ya mruko na mruko anavuka uwanja kama anayewahi basi, muziki unalia peke yake huko, halafu majaji wanampa tisa na ushee kwenye alama za sanaa. Anayemfuata anaucheza muziki tangu noti ya kwanza hadi ya mwisho, ila hana kwadi, yaani mruko wa mizunguko minne, anaambulia nane. Nane kwa lipi?

Kwa wasiofuatilia kwa karibu: alama ni za aina mbili. Kuna za ufundi, ambapo kila mruko na kila mzunguko una thamani yake, na majaji wanaongeza au kupunguza kwa ubora, kuanzia -5 hadi +5. Kisha kuna zile ambazo sisi tunaziita za sanaa. Tangu msimu wa 2022/23 vipengele vyake ni vitatu: utunzi wa programu, uwasilishaji, na ustadi wa kuteleza kwenyewe. Kila kimoja mwisho wake 10. Zamani vilikuwa vitano, na wengi tuliamini vikipungua majaji watavitofautisha. Wapi! Fungueni karatasi za alama za mashindano makubwa muone. Mara nyingi vyote vitatu vimeachana kwa robo alama au nusu, na vinapanda na kushuka na miruko. Inawezekanaje mtu mwenye utunzi mbovu na miguu mizuri apewe karibu alama ile ile kwa vyote viwili?

Tuje kwenye hesabu. Programu huru ya wanaume, ile ndefu kati ya programu mbili za mashindano, vipengele vya sanaa vinazidishwa kwa 3.33. Maana yake hata ukipewa 10 tupu, huwezi kuvuka 99.9. Ufundi hauna dari. Machi 2024 kule Montreal, Mmarekani Ilia Malinin alipata 227.79 kwenye programu huru ya mashindano ya dunia. Hata angepewa sanaa yote bila kukatwa kitu, ufundi wake peke yake ungekuwa umezidi 127. Na simlaumu kijana hata kidogo. Ndiye wa kwanza kutua Axel, mruko unaoanzwa ukitazama mbele, ya mizunguko minne na nusu mashindanoni, mwaka 2022, mruko wenye thamani ya 12.5 kabla hata jaji hajagusa kitu. Anastahili kila alama ya mruko ule. Ninachokataa ni utaratibu unaomlipa mrukaji yeyote mara mbili kwa mruko mmoja: mara ya kwanza kwenye ufundi, mara ya pili kimyakimya kwenye sanaa.

Najua kuna watakaoniuliza mbona Mmarekani Jason Brown alimaliza wa sita kwenye Olimpiki ya Beijing 2022 bila kwadi hata moja. Hapo ndipo hasira yangu inapozidi! Ina maana macho wanayo. Wakitaka kuona, wanaona.

Tatizo kubwa kwangu ni hili: jaji yule yule anafanya kazi zote mbili kwa wakati mmoja. Fikirieni. Mtelezaji anatua kwa mguu mmoja, kinyumenyume, jaji anainamia skrini abonyeze +3. Muda huo huo kule barafuni goti limekunjwa, mwili mzima umelalia ukingo wa nje wa chuma cha kiatu, mkono unafunguka taratibu fidla inavyopanda. Ni sekunde tatu au nne tu. Jaji akiinua kichwa, imeshapita, na mtelezaji anajipanga kwa mruko mwingine. Programu ikiisha anatakiwa atoe alama tatu za sanaa. Atazitoa wapi kama si kwenye kumbukumbu ya miruko na ukubwa wa jina?

Na msiniambie mfumo wa zamani wa 6.0, ambapo 6.0 ndiyo ilikuwa alama ya juu kabisa, ulikuwa mbaya zaidi. Kashfa ya Olimpiki ya Salt Lake City 2002 naijua, jaji wa Ufaransa aliyedai alishinikizwa kupiga kura, dhahabu ya pili kwa Wakanada, yote. Sitaki turudi huko. Ila angalau sanaa ilikuwa na alama yake inayosimama peke yake, na Waingereza Torvill na Dean, wacheza dansi ya barafuni, walipopewa 6.0 za sanaa na majaji wote tisa kwenye Olimpiki ya Sarajevo 1984, kila mtu alijua wamepewa kwa kitu gani.

Wale wa "huu si mchezo, ni ngoma tu", leo sina muda nanyi. Jaribuni kujizungusha mara nne hewani kwa muda usiofika sekunde moja kisha mtue juu ya chuma chembamba, ndipo tuzungumze.

Ninachodai ni majopo mawili. Jopo moja lihukumu ubora wa miruko na mizunguko, lishinde kwenye skrini lipendavyo. Jopo la pili lisiwe na kitufe chochote cha kubonyeza mpaka muziki uishe, litazame programu nzima, ndipo litoe zile alama tatu. Pia kila jaji alazimike kuandika sababu ya kila kipengele, hata sentensi moja, na ichapishwe pamoja na alama.

Anayetetea utaratibu wa sasa aje na hoja, ila asiniletee ile ya "sanaa haipimiki". Kama haipimiki, hizo 9.25 wanazigawa kwa kipimo gani?