Shule za urubani mnakula hela zetu halafu mnasingizia umri! Wanafunzi wa urubani tuliovuka 40 njooni hapa

Wakuu nimevumilia nimechoka. Nina miaka 46, najifunza kurusha ndege kwenye shule moja pale uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, leseni ya binafsi tu, sitafuti ajira. Juzi mwalimu mkuu kaniita ofisini kafungua logibuku yangu, daftari la kuandikia masaa ya kuruka, masaa 31 na bado sijaruka peke yangu, eti "mzee wangu, umri nao unachangia, ungekuja na miaka ishirini ungeshamaliza". Nimetoka pale natetemeka kwa hasira.

Hayo masaa 31 nimeyapata kwa miezi 14! Ni masaa mawili na kidogo kwa mwezi, nani anajifunza kutua kwa mwendo huo hata awe na miaka 18?

Mwezi wa tatu nilichukua likizo nikaruka mara tano ndani ya siku tisa. Siku ya mwisho nikatua mara tatu mfululizo, mwalimu mikono kaiweka magotini hajagusa kitu. Siku hiyo umri wangu ulikuwa wapi? Baada ya hapo ndege ikaingia matengenezo ya kila masaa 100 ya kuruka, ilipotoka wakapewa vijana wa leseni ya biashara, mwalimu wangu naye kapata kazi kwenye shirika kaondoka, nikakaa siku 24 sijagusa usukani. Kurudi, naona ardhi inanijia mbio, nikavuta mapema, Cessna ikaning'inia juu ya ranwei ikaishiwa spidi ikajibwaga chini puu! Mwalimu mpya kasema tuanze upya, kwenda sawa na kukata kona. Na nalipa mimi, mita inahesabu tangu injini inawaka, hata tukiwa tumekaa foleni nyuma ya ndege za Caravan zinazoenda Mara.

Sikatai umri una sehemu yake. Redio inanisumbua kuliko dogo wa miaka 20, waongozaji ndege wa mnarani wakiongea haraka naomba warudie. Lakini si ndo sababu ya kuniruhusu niruke mara nyingi zaidi? Nyie mnanipa Jumamosi moja moja, tena saa nane mchana, wakati mnajua Wilson iko juu futi kama 5,500, jua likiwaka hewa inakuwa nyepesi, ndege inapanda kwa kujikongoja na inarushwarushwa njia nzima mpaka huko juu ya mbuga. Asubuhi hewa imetulia mnawapa wengine. Sina ugomvi na hao vijana, wazazi wao wamelipa, ila na mimi nimelipa!

Na mliniuzia kifurushi cha masaa 40 kama vile ndo mwisho, kumbe ni kiwango cha chini tu. Sheria inataka miaka 17 kuanzia, juu haina kikomo ilimradi daktari akupitishe, na mimi kanipitisha.

Nimewaandikia barua, nataka masaa ya kurudia yatoke kwenye bili na nipangiwe asubuhi tatu kwa wiki. Jibu lililokuja ni ratiba: Jumamosi, saa nane mchana.

Mliomaliza mkiwa na 40 na kuendelea, mlikuwa mnaruka mara ngapi kwa wiki na mlienda solo, yaani peke yenu, na masaa mangapi? Wekeni namba hapa, Jumatatu naenda nazo ofisini.